Karani Ndani ya Kaharabu

Simu ya Bi Pindo ilitetemeka juu ya meza ya cherehani, ikajisogeza yenyewe kama mende aliyelala chali, ikagota kwenye kopo la vifungo. Bi Pindo hakuigusa. Alikuwa anafumua mshono wa foronya, na mshono ukishaanza kufumuliwa hauachwi njiani, maana ule uzi hujificha na kuupata tena ni kazi nyingine. Alipomaliza ndipo alipoifuta miwani kwa ncha ya gauni, akaivaa, akasoma.

"Bibi mwalimu kaharibu kakubali njoo jumamosi."

Akasoma tena, safari hii akifuata kwa kidole. Maneno yalikuwa yaleyale.

"Wifi," aliita. "Hebu njoo unisomee hapa. Huenda macho yangu ndiyo yaliyokosea."

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa chumba cha pili anakunja mashuka. Wameishi nyumba moja miaka kumi na minne, na siku ambayo hawakutaniana, majirani walijua mmoja wao anaumwa. Wifi akaja na shuka mkononi, akaishika simu mbali kabisa na uso, mkono umenyooka, kama mtu anayemwonyesha mwingine picha.

"Mwalimu kaharibu, kakubali," alisoma kwa sauti ya hakimu. "Njoo Jumamosi. Si nilikwambia? Ile ambari yako ndiyo imekwenda hivyo."

"Si ambari. Ni kaharabu. Ambari inatoka kwa nyangumi, inatiwa kwenye manukato. Kaharabu inatoka kwenye mti. Nimekwambia mara ngapi?"

"Mara nyingi. Na kila ukinipa naivutia pua weee, hainukii kitu. Sasa ndiyo haitanukia kabisa."

Bi Pindo alikuwa anapiga simu kwa mjukuu wake, na simu ya mjukuu haikupokelewa. Alijua kwa nini. Kwenye karakana binti anakojifunza kazi, kila mtu akiingia huitumbukiza simu yake kwenye mkebe wa biskuti mlangoni, haitoki humo mpaka saa ya kupumzika.

Hilo jina la Bi Pindo alilipata kazini. Miaka thelathini alishona mapindo: mapindo ya sketi, ya suruali, ya mapazia marefu ya maofisini. Wengine walikata nguo na kusifiwa. Yeye alikuwa mtu wa ukingoni, na pindo lake likikaa, hata kwa kuligeuza upande wa ndani huoni sindano ilipopita. Sasa amestaafu, lakini mkono haujastaafu.

Na hiyo punje ya kaharabu ndiyo ilikuwa kitu pekee alichorithi kwa mama yake. Ukubwa wake kama ncha ya kidole gumba, rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea, na ni nyepesi hata mtu akiishika mara ya kwanza hudhani ni plastiki. Ukiiweka kwenye maji ya chumvi nyingi inaelea. Ukiisugua kwa nguo ya sufu inavuta vipande vya karatasi, vinairukia na kuganda. Ni utomvu wa mti uliodondoka zamani zisizohesabika, ukagandamana mpaka ukawa kama jiwe. Na ndani yake, karibu na tundu la uzi, alikuwamo sisimizi mmoja mzima, mgongo kaupinda, mguu wa mbele kauinua, utasema anaandika barua. Mama yake Bi Pindo alimwita Karani.

Mkufu wa mama wenye punje hizo ulipokatika na punje zikagawanywa, dada zake wakubwa walichagua zilizo safi, zisizo na mdudu. Yeye, kitinda mimba, akabakiziwa Karani. Wala hakununa. Utotoni kila alipougua alilala naye kiganjani, akimuuliza leo ameandika nini, na mama yake ndiye aliyejibu kwa sauti nyembamba ya sisimizi. Tangu mama afe Karani hajajibu, lakini Bi Pindo hajaacha kumuuliza.

Wiki sita nyuma, mjukuu wake alikuja kuiomba. Binti huyu alikuwa anajifunza usonara, lakini si ule wa kutengeneza pete za harusi. Yeye na wenzake walitengeneza vito ambavyo mtu akivivaa, watu barabarani wanasimama kuuliza. Mmoja alitengeneza bangili kwa miwani iliyovunjika. Mwingine alitengeneza pete kubwa hata mkono hauingii mfukoni. Bi Pindo alipoonyeshwa picha aliuliza kama hiyo inavaliwa au inaogopwa.

"Inafikirisha, Bibi," mjukuu alisema.

"Haya. Na nikiwa nafikiri hivyo, nitafuliaje?"

Lakini alimsikiliza. Kulikuwa na maonyesho. Kazi nane tu zingechaguliwa, na wenye kazi hizo nane ndio watakaobaki na meza zao kwenye karakana mwaka unaokuja, wengine watafungasha. Mjukuu alikuwa na kazi moja kichwani, na katikati ya kazi hiyo alimwona Karani. Bila Karani hakuiona kazi yoyote.

Bi Pindo alitia uzi kwenye sindano, akauchomoa, akautia tena. Kisha akaifungua leso.

"Nakuazima, mke mwenzangu. Lakini nisikilize vizuri. Ikiguswa, hata kwa ukucha, naichukua narudi nayo nyumbani. Maonyesho yawepo yasiwepo."

"Nimekubali, Bibi."

"Usikubali haraka hivyo. Rudia maneno."

Mjukuu akarudia neno kwa neno, mkono umefunguliwa, naye Karani akawekwa kiganjani.

Sasa ni Alhamisi, maonyesho ni Jumamosi, na mwalimu kaharibu, kakubali.

"Unakwenda?" Wifi aliuliza, alipomwona anatoa lile gauni la bluu la kutokea.

"Nakwenda."

"Utamfanya nini mwalimu wa watu?"

"Sitamfanya kitu. Nitaichukua narudi nayo, kama nilivyosema."

"Na yule mtoto na meza yake?"

Bi Pindo alifunga vifungo vyote vya gauni, kuanzia chini kwenda juu, kabla ya kujibu. "Maneno nilimfanya ayarudie ili asije akasema hakusikia. Sasa mimi nijifanye sikusema?"

Wifi akamwangalia, akaacha utani kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu akaurudia. "Basi usisahau kuinusa. Labda imeanza kunukia."

Karakana ilikuwa mitaa mitatu tu. Bi Pindo alimpita fundi viatu aliyejaza misumari mdomoni, akampita muuza vioo ambaye kila apitaye dukani kwake hujikuta anarekebisha kola, akaingia kwenye jengo lenye mlango wa kijani, akapanda ngazi. Alizihesabu: ishirini na sita. Juu kabisa, mlangoni, ulikuwapo mkebe wa biskuti, na ndani yake imesahauliwa simu moja tu, inatetemeka peke yake.

Ndani kulikuwa na meza za kazi zilizokatwa mbele nusu duara, kila moja na ngozi imening'inizwa chini yake kudaka vumbi la fedha. Kulikuwa na misumeno yenye wembe mwembamba kama uzi, tupa zimepangwa kwa ukubwa, na harufu ya gesi na ya chuma kilichochomwa. Wanafunzi walikuwa wamekwenda kupumzika. Alikuwapo mwalimu peke yake, mtu mrefu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, lenzi imepandishwa kwenye paji la uso, koti la kazi la kijivu. Kifungo cha pili cha koti lile kilining'inia kwa uzi mmoja. Bi Pindo alikiona kifungo kabla hajauona uso.

"Shikamoo, mama," mwalimu alisema.

"Marahaba, baba. Mimi ndiye bibi yake yule binti wa kaharabu."

Mwalimu akaishusha lenzi, halafu akaipandisha tena, kana kwamba hakujua imefuata nini machoni. "Karibu, mama. Karibu kiti."

"Sikai sana. Nimekuja kwa hilo uliloliharibu."

Tupa aliyoishika mwalimu ilikwenda mezani polepole sana, bila sauti.

"Kakwambia nani?" aliuliza.

"Nimeambiwa. Na nimeambiwa umekubali."

"Mimi? Sijamkubalia mtu. Sijamwambia mtu hata mmoja."

Bi Pindo alipokuwa kazini alisikia watu wengi wakijitetea juu ya vitambaa vilivyoungua kwa pasi. Asiyeharibu husema sikuharibu. Huyu alikuwa anasema sikumwambia mtu. Akavuta kiti, akakaa, akaweka mkoba magotini.

"Basi nikubalie mimi. Nimepanda ngazi ishirini na sita."

Mwalimu alitazama mlangoni. Alitazama dirishani. Hapakuwa na msaada pande zote mbili.

"Ni sindano, mama," alisema mwishowe. "Alipoileta ile punje siku ya kwanza, sikuiamini. Siku hizi wanauza plastiki, wanatumbukiza na mdudu humo humo, unaapa ni kaharabu. Nikasema mtoto atajenga kazi nzima juu ya kitu cha uongo, aje aumbuke mbele za watu. Basi alipotoka nikachoma sindano moto nikaigusisha. Kidogo tu. Ndani ya tundu la uzi, mahali pasipoonekana. Plastiki ingenuka plastiki. Hii ilitoa harufu nzuri, harufu ya utomvu, chumba kizima."

"Kwa hiyo inanukia," Bi Pindo alisema.

"Inanukia sana."

"Wifi yangu angefurahi kusikia. Na wanafunzi wako unawafundisha kuchoma sindano?"

Mwalimu akakohoa. "Nawakataza. Nawaambia hiyo ni kazi ya mtu asiye na adabu."

"Ahaa."

Hapo mlango ukasukumwa, mjukuu akaingia mbiombio na bahasha ya kadi kutoka kwa mpiga chapa, kidole cha shahada kimezungushiwa plasta kama kawaida yake. Akasimama. Alimtazama bibi yake aliyevaa gauni la kutokea, akamtazama mwalimu aliyekaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Bibi? Mbona leo? Nilikwambia Jumamosi."

"Uliniambia mwalimu kaharibu, nikaona Jumamosi ni mbali."

"Kaharibu nini?"

Bi Pindo akatoa simu mkobani. Mjukuu akasoma ujumbe wake mwenyewe, midomo inatembea. Akaweka mkono kichwani.

"Bibi, niliandika kaharabu. Mwalimu, kaharabu, kakubali. Ni wiki nzima alikuwa ananiambia nitafute kitu kingine, kaharabu ni mambo ya kibibi. Leo asubuhi ndiyo kakubali ibaki. Simu hailijui neno kaharabu, ikalibadilisha."

"Mambo ya nani?" Bi Pindo aliuliza, akimgeukia mwalimu.

Mwalimu akasoma kwa makini maandishi yaliyokuwa juu ya tupa.

Mjukuu ghafla akaipasua bahasha, akatoa kadi ya kwanza, zile za kubandika ukutani kando ya kila kazi. Akafumba macho. Zilikuwa zimechapwa kutoka kwenye simu ileile. Bi Pindo akaichukua kadi akaisogeza kwenye mwanga. Ilisema: *Nyuzi. Kidani. Fedha, sufu, kaharibu.*

Akaanza kucheka. Alicheka kwa mabega tu, mdomo umefungwa, mpaka miwani ikateremka puani. Lakini mjukuu hakucheka. Alikuwa anawatazama wote wawili.

"Sasa kama ni simu tu iliyokosea," alisema, "mbona mwalimu kakaa hivyo?"

Bi Pindo hakumsaidia mwalimu, wala hakumshitaki. Mwalimu akasimama, akasema mwenyewe habari ya sindano, mwanzo mpaka mwisho, bila kupunguza, hata ile sehemu ya adabu.

Mjukuu alisikiliza. Alikwenda kwenye meza yake, akafunua kitambaa, akaileta kazi. Bi Pindo alikuwa hajaiona. Ilikuwa kidani cha mnyororo mrefu, na mwisho wake fremu ya fedha kama dirisha dogo. Katikati ya dirisha ilikaa punje, imepitishiwa waya wa fedha kwenye tundu lake, inazunguka. Nyuma yake kulikuwa na kipande cha sufu. Mvaaji akitembea, punje inazunguka, inajisugua kwenye sufu, na kwa kujisugua inavuta. Ilikuwa imeshavuta. Nyuzi nyembamba, nyekundu, nyeupe, za kijani, pamoja na vumbi la nguo la wanafunzi wote waliokijaribu, zilikuwa zimeigandia kama zilivyoligandia gauni la Bi Pindo kila jioni kwa miaka thelathini, na mtoto mmoja mdogo alikuwa akimsubiri mlangoni azichomoe moja moja, akizipanga kwa rangi kwenye sakafu.

Bi Pindo aliacha kucheka.

Mjukuu alichukua koleo ndogo. Ncha ya waya ilikuwa imekunjwa ili punje isitoke. Ilikunjwa kwa baridi, bila lehemu, kwa kuwa kaharabu haivumilii moto. Akaibana ncha ile na koleo, akaanza kuikunjua. Shingo yake ilikuwa imeingia mabegani.

"Unafanya nini?" Bi Pindo aliuliza.

"Ulisema ikiguswa unarudi nayo. Imeguswa. Sikuigusa mimi, lakini nilikuazima kwa mdomo wangu, na mimi ndiye niliyeileta hapa."

"Nilikuazima mimi. Wewe uliniazimia wapi?"

"Bibi, nimechanganyikiwa. Niache nimalize kabla sijalia."

Waya ulikuwa umeshafunguka nusu.

"Lete kwanza," Bi Pindo alisema. "Na wewe baba, hiyo lenzi."

Alivaa lenzi juu ya miwani. Aliisogeza punje dirishani, akaizungusha. Karani alikuwapo, mgongo umepinda, mguu juu, hana habari ya maonyesho wala ya meza. Bi Pindo akamuuliza moyoni leo ameandika nini. Halafu akatazama mdomoni mwa tundu, na hapo akaiona alama: nukta moja nyeusi, ndogo kuliko chembe ya pilipili, na imekaa upande.

Alitazama muda mrefu. Mjukuu alisimama na koleo. Chini barabarani fundi viatu alikuwa anagonga, ta, ta, ta.

"Niliyataja maneno gani?" Bi Pindo aliuliza, jicho bado liko kwenye lenzi.

"Ikiguswa, hata kwa ukucha."

"Ukucha. Sindano niliitaja?"

Mjukuu akaishusha koleo.

"Miaka thelathini nimeishi na sindano zaidi kuliko nilivyoishi na babu yako, Mungu amrehemu. Ningetaka kuikataza sindano, ningeitaja kwa jina. Sindano ni mtu wa nyumbani." Akaivua lenzi. "Ila baba, umechoma vibaya. Umeingiza kwa mshazari. Mtu akishika sindano hivi, hata kifungo hakikai."

Mwalimu, bila kufikiri, akashika kifungo chake cha pili. Kikabaki mkononi.

Hapo mjukuu alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa kidole chenye plasta. Kisha akaukunja tena ule waya, taratibu, mpaka ncha ikalala mahali pake.

Bi Pindo aliomba kalamu. Kadi zilikuwa nne, zote za kazi ileile. Kwenye tatu za kwanza aliigeuza ile herufi ya i ikawa a, akaizungusha vizuri, akaivutia mkia, na mtu asiyejua angesema imechapwa. Alipofika kadi ya nne aliiacha ilivyo.

"Hii si ya ukutani," alisema, akimpa mwalimu. "Bandika hapo juu ya meza yako. Na hilo koti vua."

"Koti, mama?"

"Utalipata Jumamosi. Huwezi kusimama mbele ya wageni kifua wazi, ukawaeleza habari za mambo ya kibibi."

Aliporudi nyumbani jua bado lilikuwa juu. Wifi alikuwa amekaa mlangoni, mashuka yote yamekunjwa, anamsubiri na hataki ijulikane anamsubiri.

"Umerudi nayo?"

Bi Pindo akampita, akakaa penye cherehani, akatoa koti la kijivu na kifungo chake mkobani, akalitandaza magotini, akatafuta uzi unaofanana nalo.

Wifi alilitazama koti. Akamtazama Bi Pindo. "Umefuata ambari," alisema taratibu, "umerudi na nguo ya mwanamume."

"Kaharabu," Bi Pindo alisema, akailamba ncha ya uzi. "Na inanukia. Hebu sogea huko, unanizibia mwanga."